Tuangalie Chini ya Gari la Kikundi: Jinsi ya Kuzuia na Kutibu Kutu

 

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya ng'ombe wa maziwa, vitalu vya miche na daftari za mikopo. Leo tunazungumza juu ya gari, na hasa ile sehemu ya gari ambayo hakuna mtu huiangalia: chini. Tafadhali usifunge karatasi ukisema, "Hiyo ni habari ya madereva." Soma kwanza kisa hiki.

KISA CHA PIKAPU

Kikundi kimoja ninachokifahamu, upande wa Konoin, kiliweka akiba kwa miaka sita. Kila bonasi ya chai ilipotoka, kila mwanachama alitoa fungu lake. Mwishowe wakanunua pikapu. Haikuwa mpya, lakini injini yake ilikuwa nzuri sana. Gari hilo likawa mkono wa kila mtu. Asubuhi lilibeba maziwa, mchana majani chai hadi kituo cha kununulia, msimu wa mbolea lilibeba magunia, Jumapili lilipeleka kwaya, na usiku mtu akiugua lilikwenda hospitali.

Usiku mmoja wa mvua lilikuwa limembeba mama mwenye uchungu wa kuzaa. Kwenye mteremko dereva akakanyaga breki, na pedali ikaenda hadi chini kana kwamba anakanyaga hewa. Kwa rehema za Mungu alikuwa anakwenda pole pole. Akarudisha gia, akaliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo, likasimama ndani ya chai ya watu. Hakuna aliyeumia. Gari jingine lilipatikana, na mtoto akazaliwa salama.

Asubuhi yake nilikuwepo. Fundi alilala chini ya gari akatoka na kipande cha paipu ya breki, chembamba kama kijiti, kimetobolewa na kutu. Kisha akagonga chesisi kwa nyundo, pale juu ya ekseli ya nyuma. Nyundo ikaingia ndani.

Mwenyekiti alisimama kimya, halafu akasema, "Lakini tulikuwa tunaliosha kila Jumamosi!" Ni kweli, waliliosha. Milango iling'aa hata ungeweza kujiona uso. Kumbe walikuwa wanaosha panapoonekana tu.

Gari lililonunuliwa kwa akiba ya miaka sita likakaa chini ya mti kwa miezi minne likisubiri chesisi nyingine. Kwa miezi hiyo majani chai yalibebwa mgongoni, na wagonjwa wakabebwa kwa pikipiki. Ndiyo sababu ya makala hii.

KUTU NI NINI?

Chuma tunachokijua, cha panga na cha gari, hutolewa kwenye mawe ya ardhini kwa moto mkali. Ndani ya mawe hayo chuma kilikuwa kimeshikana na hewa ya oksijeni. Moto ukawatenganisha. Lakini chuma hakisahau. Kikipata maji na hewa, hushikana tena na oksijeni na kugeuka unga mwekundu. Huo ndio kutu. Hata wekundu wa udongo wetu wa Kericho na Bomet unatokana na chuma cha namna hiyo hiyo. Jumatano ya Majivu tunakumbushwa kwamba sisi tutarudi mavumbini. Basi chuma nacho kina safari yake ya kurudi udongoni. Kazi yetu ni kuichelewesha.

Ili kutu itokee, vitu vitatu lazima vikutane: chuma, maji na hewa. Ukiondoa kimoja, kutu inasimama. Hewa huwezi kuiondoa. Kwa hiyo kuna njia mbili tu: kuondoa maji, ama kuweka kizuizi kama rangi kati ya maji na chuma.

Kuna na kitu cha nne, ambacho ni kichocheo: chumvi. Kutu ni kazi ya umeme mdogo mdogo unaopita ndani ya maji yaliyo juu ya chuma, kama ndani ya betri. Maji safi hupitisha umeme kidogo. Maji yenye chumvi hupitisha zaidi, na kutu inakimbia. Tena chumvi nyingi huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo chuma hubaki kibichi hata siku ambayo haikunyesha.

Mtu anaweza kuuliza: mbona sufuria ya aluminiamu haioti kutu nyekundu na kutoboka kama debe? Aluminiamu nayo hushikana na oksijeni, lakini inatengeneza ngozi nyembamba ngumu inayoganda na kuilinda. Kutu ya chuma haigandi hivyo. Inavimba, inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, halafu inabanduka kama magamba. Chini ya gamba kuna chuma kipya, na maji yanaanza upya. Ndiyo maana kutu ikiachwa haichoki mpaka imalize.

KWA NINI HUKU KWETU NI HATARI ZAIDI

Nchi ya chai ina baraka ambazo kwa chuma ni taabu. Hebu tuzihesabu.

Mvua. Sehemu za chai za Kericho hupata takribani milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na miezi mingi hunyesha karibu kila alasiri. Gari halipati nafasi ya kukauka.

Matope. Udongo wetu mwekundu unashika. Ukiingia kwenye madigadi na juu ya chesisi unakaa pale kama kitambaa kilicholoweshwa, ukiweka unyevu kwa siku nyingi. Juu ya gari panakauka kwa saa moja, lakini ndani ya tope hapakauki kwa wiki.

Mawe ya murram. Yanarushwa na magurudumu yanapiga rangi ya chini. Kila alama ya jiwe ni mlango wa kutu.

Mbolea. Hili wengi hawalijui. Mbolea ya chai ya NPK 26:5:5 tunayobeba kwa magunia ya kilo 50 ni chumvi za aina yake. Inavuta unyevu, inayeyuka, na inakula chuma. Gunia moja lililopasuka na kumwagika kwenye mianya ya bodi linaweza kufanya kazi ya uharibifu kwa miezi, kila usiku wa ukungu.

Majani mabichi, maziwa na ng'ombe. Majani chai yaliyolowa hutiririsha maji safari nzima. Maziwa yanayomwagika yanachacha na kuwa asidi. Mkojo na mavi ya ng'ombe pia vina chumvi. Vyote vinapita kwenye nyufa za bodi hadi chini.

Ongeza jambo moja: magari yetu mengi yamekuja yakiwa yametumika. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, lakini miaka michache inatosha kama gari lilitumika pabaya. Kaskazini ya Japani, na Uingereza pia, wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Magari ya pwani nayo hupulizwa na upepo wa bahari. Gari la namna hiyo linaweza kufika kwetu likiwa na rangi nzuri juu na ugonjwa chini.

Na msidhani jina kubwa ni kinga. Huko Marekani wenye pikapu za Toyota walishtaki kwamba chesisi zao hazikukingwa vizuri na zilikuwa zinaoza. Mwaka 2016 kampuni hiyo, bila kukiri kosa, ilikubali mapatano ya kukagua magari yapatayo milioni 1.5 na kubadilisha chesisi zilizoharibika. Gharama ilikadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Kama kutu inaweza kumsumbua tajiri hivyo, sisi wa akiba ya bonasi tusiidharau.

KABLA HAMJALIPA

Kikundi kikienda kununua gari, watu huangalia injini, matairi na redio. Nendeni na fundi wenu wenyewe, si fundi wa muuzaji. Alale chini ya gari akiwa na tochi, nyundo ndogo na bisibisi. Agonge chesisi kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali, ting! Chuma kilichooza kinatoa sauti nzito, kama mti wenye mchwa. Pale penye shaka abonyeze kwa bisibisi.

Muogopeni gari ambalo chini limepakwa lami au rangi nyeusi mpya siku chache kabla ya kuuzwa. Inawezekana ni utunzaji. Inawezekana pia ni kaburi lililopakwa chokaa. Muulizeni muuzaji kwa upole, mkwaruze kidogo, mtazame. Akikataa, mmepata jibu.

KINGA: MAMBO SABA YA KUFANYA

1. Osha chini, si juu tu. Wakati wa mvua fanya hivyo angalau mara moja kwa wiki. Tumia kijiti cha mti kutoa tope kwenye madigadi, juu ya chesisi, na pale springi zinaposhikwa. Halafu mwaga maji mengi. Bomba la mgongoni linafaa sana, lakini lisiwe lile la dawa za wadudu. Usipige maji ya nguvu moja kwa moja kwenye beringi na nyaya za umeme.

2. Msioshee gari mtoni. Itare, Kipsonoi na Nyangores ni maji ya kunywa ya watu na mifugo. Oili na grisi inayoelea kwako jioni inafika kwenye mtungi wa jirani asubuhi. Osheni mahali penye mawe au kokoto, mbali na mto na kisima.

3. Mbolea ikishuka, gari lioshwe siku hiyo hiyo. Kabla ya kupakia tandika turubai. Baada ya kushusha, fagia kwanza pakiwa pakavu, mbolea hiyo irudi shambani kwa mwenyewe. Kisha osha kwa maji mengi, hasa kwenye kona. Fanya hivyo pia baada ya kubeba ng'ombe au maziwa kumwagika.

4. Zibua matundu ya maji. Chini ya milango na kwenye chesisi kuna matundu madogo yaliyowekwa kiwandani ili maji yatoke. Tope likiyaziba, mlango unakuwa ndoo. Yazibue kwa waya laini. Fundi asije akayaziba kwa rangi akidhani anasaidia.

5. Laza gari mahali panapokauka. Nyasi ndefu hutoa unyevu usiku kucha. Afadhali kokoto, kwenye mwinamo kidogo ili maji yatiririke, na magurudumu yawekewe mawe. Kibanda ni kizuri kama kina paa na kuta zinazopitisha hewa. Kibanda kilichofungwa, chenye gari bichi na magunia ya mbolea ndani, ni kibaya kuliko nje.

6. Inua zulia la ndani. Viatu vya abiria huingiza matope. Maji yakikaa chini ya zulia, sakafu inaoza kutoka juu, na hutaona mpaka mguu upite.

7. Ziba alama ndogo mara moja. Kila miezi mitatu mtu alale chini na tochi. Alama ya jiwe ukiipaka leo ni kazi ya dakika kumi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KUKAGUA: PAANZIE WAPI?

Kutu inapenda mahali pa siri. Anza na hapa: pale chesisi inapopinda juu ya ekseli ya nyuma, pale springi zinaposhikwa, mahali vyuma viwili vimelaliana au vimeshonwa pamoja, juu ya gurudumu la spea, mikanda inayoshika tangi la mafuta, na sehemu bodi inapokaa juu ya chesisi.

Halafu, kwa makini kabisa, fuata paipu za breki kutoka mbele hadi nyuma. Angalia hasa pale zinapobanwa na klipu, maana tope hukaa nyuma yake. Paipu yenye kutu ya magamba au iliyolowa haipakwi rangi, haichomelewi, haifungwi kwa utepe. Inabadilishwa, na breki zinatolewa hewa. Mpaka hapo gari halitoki, hata kama majani chai yanaharibika. Majani yatachumwa tena wiki ijayo.

TIBA: KUTU YA AINA TATU

Kutu ya unga iko juu tu. Ukisugua unaona chuma kizuri. Hii kikundi kinaweza kuitibu wenyewe.

Kutu ya magamba inabanduka vipande, na chini yake chuma kina vishimo. Inatibika pia, lakini kwa kazi zaidi, na fundi aangalie kama chuma kimepungua sana.

Kutu iliyotoboa, ama chuma kinachobonyea, ni kazi ya fundi aliyebobea. Hapo hakuna rangi ya kusaidia.

Kwa aina mbili za kwanza, fuata hatua hizi. Chagua siku za kiangazi, kama Januari au Februari, mkiwa na jua la siku mbili tatu mfululizo.

Hatua ya 1. Usalama kwanza. Egesha mahali pa tambarare, pagumu. Zuia magurudumu kwa mawe makubwa. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Gari likishainuka lishikwe na stendi za chuma, au magogo manene yaliyopangwa vizuri. Msitumie matofali, yanapasuka ghafla. Vaa miwani na funga kitambaa puani, maana vumbi la kutu linaingia machoni na kifuani. Watoto wakae mbali.

Hatua ya 2. Osha kwa maji na sabuni mpaka tope na grisi zitoke, kisha acha pakauke kabisa. Rangi haishiki juu ya mafuta wala juu ya maji.

Hatua ya 3. Gonga magamba kwa nyundo ndogo, kwangua, sugua kwa brashi ya waya, malizia kwa msasa. Sugua mpaka upite kidonda na kuingia kwenye rangi nzima, kama daktari anavyosafisha zaidi ya jeraha. Futa vumbi kwa kitambaa chenye thina kidogo. Thina inashika moto, kwa hiyo pasiwe na sigara wala jiko karibu.

Hatua ya 4. Kama kuna kutu nyembamba iliyobaki ndani ya vishimo, madukani kuna dawa ya kubadilisha kutu. Ni asidi, vaa glavu na fuata maagizo ya mkebe. Dawa hiyo haifanyi kazi juu ya magamba wala haichukui nafasi ya rangi.

Hatua ya 5. Paka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ile nyekundu ya redoksaidi au ya zinki, siku hiyo hiyo. Chuma kilichosuguliwa kikilala wazi usiku mmoja wa ukungu wa Kericho, asubuhi kimeanza kuwa chekundu tena. Ikikauka, paka ya pili. Kisha paka rangi ya mafuta ya juu mara mbili, ukiacha kila moja ikauke. Redoksaidi peke yake haitoshi, inapitisha maji pole pole.

Hatua ya 6. Ndani ya chesisi iliyofungwa kama bomba, brashi haifiki. Hapo hupulizwa nta maalum ya magari kupitia matundu, ukijihadhari usiyazibe.

Msipake rangi vitu hivi: diski na ngoma za breki, mipira na hosi zote, ekzosi, kebo ya breki ya mkono, nipo za grisi. Na jambo moja kubwa: msisugue wala kufunika nambari ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma. Nambari ikifutika, kikundi kitakuwa na kesi ya kujieleza kwa polisi.

MASWALI MNAYOULIZA

"Si tumwage oili chafu tu chini ya gari?" Mafundi wengi hufanya hivyo, wakichanganya na dizeli. Ni kweli mafuta hufukuza maji kwa muda. Lakini oili iliyotumika inavimbisha mipira, ikifika kwenye breki gari halisimami vizuri, inashika vumbi, na mvua chache zikinyesha imeoshwa yote ikaenda mtoni. Tena ina sumu inayoweza kuleta saratani ikizoeleka kwenye ngozi. Mimi siishauri. Ikiwa hamna nta, oili safi kidogo iliyopakwa kwa brashi ndani ya mianya, mbali na breki na mipira, ni afadhali.

"Nimesikia chai inaua kutu. Na sisi chai tunayo!" Hapa kuna ukweli mdogo. Mmeona kisu kikikata ndizi mbichi kinavyokuwa cheusi? Hiyo ni tanini ikishikana na chuma. Tanini iko kwa wingi kwenye maganda ya miwati, yale yanayotumika kutengeneza ngozi, na chai nayo ina vitu vya jamaa hiyo. Baadhi ya dawa za kiwandani za kubadilisha kutu hutengenezwa kwa asidi ya tanini, inayogeuza kutu kuwa nyeusi na tulivu zaidi. Lakini chai ya sufuria ni hafifu mno. Ukimwagia chesisi chai umeongeza maji tu. Afadhali uinywe.

"Na ile lami ya kupuliza, andasili?" Ni nzuri sana juu ya chuma kisafi, kikavu, chenye rangi. Juu ya tope au kutu ni mbaya kuliko kuacha wazi, maana inafungia maji ndani na kuficha ugonjwa. Hata iliyopakwa vizuri hupasuka baada ya muda. Ikaguliwe kila mwaka, na iliyoinuka ikwanguliwe.

"Fundi anasema atachomelea bati juu ya tundu." Mwambieni hapana, kama ni chesisi. Chuma kilichooza hukatwa chote mpaka chuma kizima, kisha huwekwa chuma cha unene unaofaa. Bati jembamba juu ya uozo ni kiraka kipya kwenye nguo kuukuu. Kabla ya kuchomelea betri ifunguliwe na tangi la mafuta litolewe. Kama uozo uko pande nyingi, mwombeni fundi awaambie ukweli: pengine chesisi nzima ibadilishwe. Mkibadilisha, muulize NTSA kwanza kuhusu karatasi, kwa sababu nambari ya chesisi ndiyo iliyo kwenye kitabu cha gari.

KAZI YA NANI?

Nikirudi kwa kile kikundi cha Konoin, tatizo lao halikuwa ukosefu wa brashi. Dereva alidhani ni kazi ya fundi. Fundi alifikiri hakuitwa. Kamati ilidhani dereva anajua. Mweka hazina alikuwa na daftari safi la mapato, kila shilingi ya nauli imeandikwa, lakini hapakuwa na ukurasa hata mmoja juu ya afya ya gari lenyewe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Leo wana daftari la pili, linakaa ndani ya gari. Kila Jumamosi wanachama wawili kwa zamu wanaosha chini pamoja na dereva, na wanaandika tarehe, majina na walichokiona. Mbolea ikibebwa, aliyebebewa ndiye anayeosha siku hiyo. Kila safari kiasi kidogo cha nauli kinatengwa kwa rangi, brashi na fundi, na hakikopeshwi mtu. Kila miezi mitatu dereva anasoma daftari hilo mbele ya mkutano.

Mama mmoja, mjane, alisema neno ambalo sijalisahau: "Ng'ombe wangu namkagua kupe chini ya tumbo, sio mgongoni." Tangu siku hiyo yeye ndiye msimamizi wa zamu, na hajui kuendesha gari.

Bwana wetu alizitaja nondo na kutu pamoja na wezi, akitufundisha tusiweke mioyo yetu kwenye mali (Mathayo 6:19). Ni kweli gari si hazina ya milele. Lakini mwizi hatumfungulii mlango. Gari la kikundi ni jasho la watu wengi, na usiku wa mvua linaweza kuwa limebeba maisha ya mtu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, gari letu (au mashine yetu ya kukata majani ya ng'ombe, ama mkokoteni) liliangaliwa chini lini mara ya mwisho? Na nani?

2. Ni vitu gani tunavyobeba ambavyo vinakula chuma? Nani huosha baada ya safari hiyo?

3. Tunaosha wapi, na maji yale yanaelekea wapi?

4. Tukitenga kiasi kidogo kwa kila safari, nani atakiweka, na tutakubaliana kitumike kwa nini peke yake?

5. Dereva akisema, "Leo gari halitoki, breki haifai," je, tutamshukuru au tutamlaumu?

Jadilini swali la tano kwa muda mrefu. Mungu abariki kazi ya mikono yenu.